Safari ya Kuagana: Kwa Nini Nimelifuta Jina Langu

Muhula huu hapana neno lililosemwa sana hapa shuleni kwetu Kabungu kuliko neno safari. Si mtihani, wala si mpira, wala si ule ugali mbichi wa siku ya Jumatano ambao kila mtu anaukumbuka. Ni safari ya kuagana ya Kidato cha Nne. Tulikutana chini ya mwembe, tukapiga kura kwa mikono, na mikono iliyokuwa mingi ilitaka Dar es Salaam. Wachache walitaka Kigoma. Mmoja peke yake alitaka Ngorongoro, naye alichekwa mpaka akakaa chini. Mkono wangu mimi ulikuwa juu pamoja na ile mingi, tena juu sana, na jina langu likaandikwa la tatu katika orodha.

Sasa nimemwomba mwalimu wetu wa darasa alifute. Wenzangu wengine wamekasirika, wengine wanasema nimeishiwa fedha, na wengine ati naogopa bahari. Kwa hiyo naomba wasomaji wa gazeti hili, yaani wenzangu, walimu wetu na wazee wetu, mnivumilie kidogo nieleze sababu zangu.

Sababu ya kwanza ni orodha yenyewe. Darasa letu lina wanafunzi 46, na walioandika majina ni 15 tu. Mchango uliopangwa unapita bei ya magunia mawili ya mahindi, na kila mzazi anajua magunia yake yako wapi wakati huu: yamekwisha liwa, au yamekwisha uzwa kulipa deni la mbolea. Basi siku hiyo watu 15 watapanda basi kwenda Pwani, na watu 31 watakaa vijijini mwao. Nauliza, katika safari hiyo ya kuagana, nani anamuaga nani? Mimi najua majina ya hao 31. Wamo wawili ambao tumekaa nao dawati moja tangu Kidato cha Kwanza.

Sababu ya pili ni ngumu kuisema, maana ni aibu yangu mwenyewe. Lakini nisipoisema, haya mengine yote yatakuwa maneno matupu.

Nilipokuwa darasa la sita baba alinichukua kwenda Dar es Salaam kumwona shangazi yangu aliyekuwa mgonjwa. Tuliondoka Mpanda kwa gari moshi. Reli hii yetu ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, ambayo urefu wake ni kama kilomita 210, ilifunguliwa mwaka 1950, wala haikujengwa kwa ajili ya abiria kama sisi. Ilijengwa kuchukua madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba na kampuni ya Uruwira. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na watu wakaifanya yao wenyewe: mahindi, asali, kuku, magodoro, maharusi, wagonjwa, wote wamepita juu yake. Baba alinieleza habari hiyo tukiwa tumesimama dirishani, naye alieleweshwa na babu. Mimi nilikuwa nasikiliza nusu nusu, macho yangu yakitafuta Dar es Salaam ingawa ilikuwa bado siku mbili mbele.

Tulipofika Katumba akapanda mama mmoja akakaa mkabala nasi. Wasomaji wengi wanajua kwamba wenyeji wa Katumba wengi ni watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao, na wengi wao leo ni raia wa nchi hii. Mama huyo alinunua karanga za kuchemsha, akanigawia bila kuuliza mimi mtoto wa nani. Baba akamwuliza kama amesafiri sana. Akajibu kwamba safari yake ndefu kuliko zote aliifanya mgongoni mwa mama yake, hakumbuki hata hatua moja, lakini ameisikia ikisimuliwa mara nyingi hata sasa anaiona: mto waliouvuka, sufuria iliyoachwa, mbwa aliyewafuata mpaka mpakani. Usiku tukavuka mto Ugala. Mama yule akaniamsha nikauone kwa mbalamwezi, kisha akanifunika kanga yake kwa sababu ya baridi ya dirishani. Asubuhi, tulipofika Tabora, akashuka, akaniachia karanga zilizobaki.

Haya, tukafika Dar es Salaam. Je, nilikumbuka nini huko? Joto, kelele, na nyumba ya shangazi ambayo nilikatazwa kutoka nje kwa kuwa ningepotea. Siku moja binamu yangu alinipeleka kivukoni, tukavuka kwenda Kigamboni, tukarudi kwa kivuko hicho hicho. Safari yangu yote ya majini ilikuwa dakika chache kwenda na dakika chache kurudi.

Niliporudi Kabungu niliwaambia wenzangu kwamba nimepanda meli mpaka Unguja.

Wakasimama wakinizunguka. Mmoja akauliza Unguja kuna nini, nikasema kuna karafuu zimeanikwa barabarani, maana nilikuwa nimeona picha hiyo katika kitabu cha darasani. Mwingine akauliza bahari inanuka nini, nikasema inanuka chumvi. Nilikuwa mtu mkubwa kwa muda wa wiki nzima! Na uongo huo nimeusimulia mara nyingi sana tangu siku ile, hata siku hizi, nikifumba macho, naiona Unguja niliyoibuni wazi kuliko Kigamboni niliyoiona. Lakini mama wa Katumba sikumsimulia hata mara moja. Nilimwona kuwa si habari, ni mama tu wa gari moshi. Sasa nataka kuukumbuka uso wake na siwezi. Nimebaki na kanga peke yake, nayo rangi yake sina hakika nayo.

Ndiyo maana mkono wangu ulipokuwa juu pale chini ya mwembe, nilijiuliza: nataka Dar es Salaam ya nini? Nikajijibu kwa haki kabisa kwamba nataka kwenda ili nirudi. Nataka kusimulia. Nataka picha ya kusimama mbele ya jengo refu. Na nilipowatazama wenzangu, nikaona kwamba si mimi peke yangu. Hatukuulizana hata mara moja tutaona nini huko. Tulikuwa tunaulizana tutavaa nini.

Sisemi kwamba Dar es Salaam ni mji mbaya, la hasha. Mwenye shughuli naye aende, na wengi wetu tutakwenda tu, tukipenda tusipende, kutafuta chuo au kazi. Ndiyo kusema mji ule unatungoja. Ninalolisema ni kwamba kwa safari moja ambayo tutakuwa pamoja sote, tena ya mwisho, kuna mahali karibu ambapo hatupajui, na sababu ya kutopajua ni kwamba ni karibu.

Tazameni jambo hili. Nchi hii yetu imekwisha kuwa nchi ya safari ya watu wengine tangu zamani. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini kwa sababu ya vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, akapita nchi iliyoitwa Ukawendi, ambayo ndiyo pande hizi zetu. Mwanzo wa mwaka 1872 akapita tena, safari hii akiwa pamoja na Livingstone mwenyewe, wakielekea Tabora. Akaandika kitabu, na mpaka leo watu wa Uingereza na Marekani wanakisoma. Katika msafara wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekwisha fika maziwa makuu pamoja na Burton na Speke, na baadaye akavuka Afrika pamoja na Cameron. Alitembea kwa miguu kuliko pengine sisi sote wa shule hii tukijumlishwa. Kitabu cha Bombay kiko wapi? Hakipo. Kwa hiyo pori letu tunalisoma kwa macho ya mgeni aliyekuwa na homa na haraka.

Wala si kweli kwamba Waswahili hawakuandika safari zao. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwaka 1896, akaieleza safari yake kwa Kiswahili, nayo ikatolewa mwaka 1901 pamoja na safari za wenzake katika kitabu alichokikusanya Mjerumani Carl Velten. Nilishangaa sana mwalimu wetu wa historia aliponieleza hayo. Mswahili alifika kwenye theluji akaandika, na mimi nilifika Kigamboni nikadanganya!

Au chukueni Hifadhi ya Katavi. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na leo eneo lake linapita kilomita za mraba 4,400. Wageni wanatoka Ulaya, wanashuka kwa ndege ndogo Ikuu, ili waone jinsi mto Katuma unavyokauka wakati wa kiangazi na viboko kwa mamia wanavyobanana katika madimbwi ya tope yaliyobaki. Kutoka Mpanda mjini mpaka Sitalike, palipo lango la hifadhi, hazifiki kilomita 40. Sisi je? Wengi wetu tunaijua Katavi kwa lile daraja la Sitalike tu, pale basi la Sumbawanga linapopunguza mwendo nasi tukachungulia viboko dirishani. Jina lenyewe la Katavi, ambalo limekuwa jina la mkoa wetu tangu 2012, linatokana na Katabi, mwindaji wa kale wa Wabende, ambaye roho yake inasemekana inakaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa Katavi, na watu huweka sadaka zao chini ya mti huo. Nimeuliza darasani kwetu nani ameuona mkwaju huo. Hakuna.

Hata hivyo sitapigania Katavi, na nitasema kwa nini. Mzee mmoja jirani yetu, nilipomweleza wazo la kwenda kuona tembo, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi tembo nimemwona vya kutosha, tena usiku, tena shambani mwangu." Sikuwa na jibu. Mzazi aliyepoteza mahindi kwa tembo ni vigumu kumwomba auze mahindi yaliyobaki ili mtoto akamtazame tembo huyo. Labda ingefaa tukazungumze na maafisa wa hifadhi juu ya jambo hilo hilo, lakini hiyo ni makala nyingine.

Mimi nataka twende Karema.

Nilikwenda Karema mara moja, likizo ya Kidato cha Pili, na mjomba wangu ambaye hununua dagaa. Kutoka Mpanda ni zaidi ya kilomita 100. Tulikwenda kwa lori tupu, tukarudi juu ya magunia, na koti langu likanuka mpaka Pasaka. Sikuwa nataka kwenda. Niliona ni kazi, si safari. Tulifikia kwa bibi mmoja ambaye mjomba humwita mama, naye aliponiona nashika mgebuka kwa vidole viwili kama mtu anayeshika nyoka, akacheka mpaka akakaa kwenye kinu. Akasema, "Mjukuu wangu, huko Kabungu mnakula mawe?" Akanifundisha kupasua samaki. Nilijikata kidole cha shahada, na alama ninayo mpaka leo. Kumbukumbu hii haihitaji picha.

Siku ya pili mjomba alikuwa na shughuli zake, nikatembea peke yangu mpaka misheni, nikaona kuta nene za boma la kale. Nilishangaa kitu kimoja. Mbona watu waliojenga kituo cha ziwani walikijenga mbali na maji? Nilimwuliza mjomba, akajibu kwamba Wazungu wanapenda kutembea. Jibu hilo lilinitosha mpaka nilipomwuliza mwalimu wetu. Kumbe kituo kilijengwa mwaka 1879 na Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha mfalme Leopold wa Pili, na wakati huo ziwa lilikuwa limejaa kuliko kawaida, maji yakiwa karibu. Miaka hiyo hiyo mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio mlango wa maji ya ziwa kutoka, ulizibuka, maji yakaanza kushuka mwaka hata mwaka, na ufuko ukaondoka ukaliacha boma limesimama peke yake nchi kavu. Hawakukosea kujenga. Ziwa ndilo lililohama. Nilipolisikia hilo nilitamani kurudi nikasimame pale pale tena, maana mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kama kipofu.

Mwaka 1885 Wabelgiji walikikabidhi kituo kwa mapadri wa White Fathers, na mwaka 1889 akafika hapo mtu ambaye mimi namhesabu kuwa msafiri mkubwa kuliko Stanley. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, katika nchi inayoitwa Mali siku hizi. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akapelekwa kisiwa cha Malta akasomea udaktari, kisha akaja Karema. Na hapo akakaa. Aliwatibu watu wa pande zile mpaka alipofariki mwaka 1956. Fanyeni hesabu wenyewe: ni miaka 67. Mimi nilipita karibu na mahali alipofanyia kazi nikiwa natafuta soda, wala sikujua kwamba aliwahi kuwapo. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Na Karema si ya mambo ya kale tu. Miaka hii ya 2020 imejengwa bandari mpya kwa ajili ya biashara na Kongo, maana ng'ambo yake ni Kalemie. Mbele yako ni ziwa ambalo kwa kina duniani linashindwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Panapozidi kina hufika mita 1,470. Mwanafunzi wa jiografia, wa historia, wa biolojia, wa biashara, kila mmoja ana lake la kuandika. Na atakayetaka kuoga tu, aoge, lakini asikilize wenyeji habari za mamba.

Sasa nifikie pingamizi iliyonikata maneno kuliko zote. Haikutoka kwa mwalimu wala kwa mzazi. Ilitoka kwa mwenzangu wa dawati, ambaye kwao ni Karema. Nilipomweleza wazo langu nikitumaini atafurahi, alinyamaza, kisha akasema, "Wewe unakwenda kwetu kutazama. Mimi nimetoka huko usiku, kwenye lori la dagaa, ili nisome. Nikirudi huko na darasa zima, mama yangu ataazima sahani kwa nani?" Akaongeza kwamba yeye hajapata kuona ghorofa zaidi ya zile za Mpanda, na kwamba ni rahisi mtu aliyekwisha kwenda Dar es Salaam kuwaambia wengine wasiende.

Anasema kweli. Nimefikiri juu ya maneno hayo wiki mbili na sijapata jibu zuri. Yeye ni mmoja wa wale 31, hawezi kulipa mchango wa Dar es Salaam, na bado anataka safari ya Dar es Salaam iendelee kuwapo, hata kama ni ya wengine. Nilimwambia hivyo, naye akasema, "Angalau mtaniletea habari." Nikaona haya, kwa kuwa nakumbuka habari nilizoleta mimi.

Juu ya sahani, hata hivyo, jibu lipo, na hapa nazungumza na walimu na wazazi. Tusiende kuwa wageni wa mtu. Tuombe madarasa ya shule ya huko wakati wa likizo tulale sakafuni kwa usiku mbili, kila mtu na mkeka wake. Unga na maharage tuchukue ya kwetu, kila mmoja debe dogo kutoka nyumbani, na sufuria za jikoni kwa shule yetu, kama Mkuu wa Shule atakubali. Samaki tutanunua, na fedha hiyo itabaki Karema. Nauli ya lori au basi moja la kukodi ikigawanywa kwa watu 46, nimemwuliza mjomba anayejua bei za njia ile, haifiki hata robo ya mchango wa Dar es Salaam. Jioni ya kwanza tuwaombe wazee wa Karema watuambie habari, na kila mwanafunzi arudi ameandika kurasa mbili za yale aliyoyaona kwa macho yake, si ya kitabuni. Kurasa hizo zitolewe katika gazeti hili muhula ujao. Na mwenzangu wa dawati, kama atakubali, ndiye atutangulie njiani. Kama hatakubali, hatutamlazimisha kutuonyesha nyumba yao.

Fedha ya kwanza niliyotoa kwa ajili ya Dar es Salaam sijaomba irudishwe. Ikiwa Kamati itaamua Karema, ihesabiwe nauli yangu na ya mtu mmoja mwingine. Ikiwa itaamua Dar es Salaam, nitakwenda stendi ya Mpanda kuwasindikiza wenzangu 15, bila kinyongo, kisha nitarudi Kabungu kwa baiskeli.

Kikao cha wazazi ni wiki ya pili ya muhula ujao. Baba amesema atakuja. Nimemwomba pia, kama anaukumbuka uso wa yule mama wa Katumba, anieleze ulivyokuwa.